Jino Lisilopenda Mlima

Jumapili, 3 Februari

Baba watoto,

Barua hii anayo Haraka, dereva wa lori la maziwa, kwa hiyo ikikufikia mapema ujue gari lilisukumwa. Nimemwambia aiweke mfuko wa kifuani, maana ile ya kwanza binti yetu anasema iliwafikia inanuka mtindi.

Mimi sijambo, hofu ni kwako. Na siandiki hivyo kwa mazoea. Kila nikipita karakana yako nauona ule mlango wa ghala la shule umelala juu ya meza, na randa bado iko chini pale ulipoiangusha. Sijaigusa. Ulianguka mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mafundi wenzako, mbele ya wanawake waliokuwa wanatoka mtoni, umeshika kifua kwa mikono miwili. Hata mtoto mchanga angejua kwamba ni moyo. Mpaka leo watu wanaigiza ulivyoanguka, na wengine wanaigiza vibaya, nawasahihisha.

Huku kazi ni zile zile, ila mikono imepungua. Nakamua, nakata majani, nateka maji, napeleka maziwa barabarani kabla Haraka hajapita. Ng'ombe wetu Bi Kisirani mimba imemkaa vizuri, ila amezidisha kisirani chake. Jana amepiga teke ndoo nzima, halafu akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemwaga.

Nina jino linanisumbua, la chini kushoto. Jino la ajabu kweli. Nikikaa halina neno, nikitafuna halina neno, nikianza tu kupanda kutoka mtoni na ndoo zangu, linaanza. Taya lote linavuta mpaka sikioni. Nikitua ndoo nikapumua kidogo, linanyamaza. Sijapata kuona jino vivu namna hii, nadhani limekuiga wewe.

Usikasirike kwamba sipigi simu siku hizi. Unajua mtandao wetu uko kule juu kilimani tu, kwenye lile jiwe, na nikimaliza kazi miguu haina hamu ya jiwe. Barua inatosha, na barua haikatiki katikati ya maneno.

Kunywa dawa zako. Usimsumbue mtoto kwa habari ya chumvi.

Mkeo,
Meneja wa Zizi


Jumatatu, 11 Februari

Meneja,

Barua imefika, haikunuka kitu. Haraka aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akanikagua juu mpaka chini, akasema, "Mzee, mbona umenenepa?" Nimemwambia aende akaendeshe gari lake, kama anajua.

Huku nalelewa kama yai. Binti yetu amenitengea kitanda nyuma ya pazia, kwenye chumba chake cha kushonea, kwa hiyo nalala na cherehani mbili na sanamu ya kupimia magauni isiyo na kichwa. Wateja wakija kujaribu nguo, nafukuzwa nje na kiti changu. Nakaa barazani nahesabiwa vidonge. Chumvi hakuna. Nimeomba nionjeshwe hata ncha ya kijiko, akaniambia, "Baba, unataka nikuzike?" Mtoto tuliyemlea wenyewe!

Kila Alhamisi naenda kliniki ya moyo. Tunakaa benchi refu, wazee watupu, kila mmoja anasimulia alivyoanguka. Mmoja alianguka kwenye harusi ya mwanawe, mwingine juu ya paa. Mimi na mlango wangu sina cha kujivunia.

Sasa nijibu haya. Bi Kisirani atazaa lini? Mbao zangu umezifunika? Paa la banda upande wa nyuma bado linavuja? Ule mlango mtu asiuguse, nitakuja kuumaliza mwenyewe. Na kile kichupa cha vidonge vya kuweka chini ya ulimi nilikisahau dirishani. Usikitupe, huku wamenipa kingine.

Jino ling'oe. Ubao ukioza hatuubembelezi, tunakata.

Mumeo,
Mfungwa wa Pazia


Jumatano, 20 Februari

Baba watoto,

Mimi sijambo, hofu ni kwako.

Nimekutii, jino limeng'olewa. Nilikwenda zahanati, yule mganga wa meno akanikalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Alipolitoa aliligeuzageuza kwenye mwanga, akakunja uso. "Mama, mbona jino lenyewe zima?" Nikamwambia, "Baba, lingekuwa zima lisingenitesa." Akanipa pamba, nikarudi nyumbani.

Sasa sikiliza vituko. Kesho yake nikiwa kwenye kile kipandio cha mtoni, pale pa mti uliokatika, maumivu hayo hapo, palepale! Jino halipo na linauma. Nadhani lilimwachia jirani yake wosia. Nitasubiri kidonda kipone kwanza, halafu na huyo jirani naye atoke.

Wageni hawaishi. Wanakuja kuuliza habari za moyo wako, wanakaa, wananiambia nikupe pole. Nawapikia chai nasimulia. Moyo wako siku hizi una jina kubwa kuliko la diwani. Juzi mke wa mwalimu aliniambia, "Na wewe mama, unaonekana umechoka." Nikamwambia asiyechoka ni nani.

Mbao nimezifunika. Paa linavuja. Bi Kisirani bado. Mlango hajaugusa mtu.

Mkeo,
Mapengo


Ijumaa, 1 Machi

Mwanangu, kitindamimba wangu,

Hii ni yako peke yako. Isome ukiwa umefunga mlango, halafu itie kwenye jiko.

Sitaki kukutisha, na sina ugonjwa, nimechoka tu. Lakini ni uchovu ambao sikuwahi kuujua. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kutandika kitanda napumzika katikati. Usiku nikilala chali pumzi inakata, kwa hiyo naegemeza mito ukutani nalala nimekaa, kama abiria. Viatu vyangu vya shamba haviingii tena miguuni jioni.

Na wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa nasafisha hori la ng'ombe, nilishikwa na kichefuchefu na jasho la baridi, mgongo ukanibana hapa katikati ya mabega kama mtu amenikanyaga. Nilikaa chini pale pale kwenye majani nikamshika Bi Kisirani mguu. Hakunipiga teke. Ndipo nikajua hali yangu ni mbaya, yule ng'ombe hana huruma na mtu. Ikapita. Nikadhani ni chai iliyolala niliyokunywa.

Sasa nisikilize vizuri. Baba yako asijue. Moyo wake hauhimili habari. Daktari alisema asipate mshtuko, nawe ulikuwepo ulisikia. Akisikia nimekaa chini kwenye hori atataka kurudi huku, atashika jembe, atashika randa, na tutamzika. Nitumie dawa ya kuongeza nguvu, ile ya chupa, na kitu cha gesi tumboni. Mengine yatapita.

Usinijibu kwa barua ya pamoja na baba yako.

Mama yako


Jumanne, 5 Machi

Mama watoto,

Barua zako zimekuwa fupi. Nimezipanga hapa kitandani, ile ya kwanza imejaa mpaka pembeni, hii ya mwisho nusu ukurasa. Na mwandiko unateremka mwishoni mwa mstari kama maji ya mtaroni. Mistari yako ilikuwa inanyooka.

Nitasema yaliyo moyoni, maana mwenzio nimekaa barazani nina wakati wa kuwaza. Zamani Jumapili ulikuwa unapanda kilimani, unanipigia, unaniambia hata mambo ya kuku. Sasa kilimani hupandi. Naona umezoea nisipokuwepo. Nyumba imetulia, hakuna mtu anayekohoa, hakuna vumbi la mbao. Sikulaumu. Lakini uniambie, nisikae hapa nakutamani peke yangu.

Binti yetu naye ana jambo. Alipokea barua ya kwake, hakuisoma mbele yangu. Jioni alishona mkono wa gauni kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Nimemuuliza, akasema macho yamechoka. Mna nini nyie wawili?

Nimemtengenezea muuguzi wa kliniki kigoda cha kuwekea miguu. Wagonjwa wanamwita Mama Sindano. Amesema tangu aanze kazi ni mimi wa kwanza kumtazama miguu yake na kuona imevimba. Usiwe na wivu.

Mumeo,
wa Barazani


Jumanne, 12 Machi

Wewe mzee,

Nani amekuzoea usipokuwepo? Lo! Nyumba imetulia, ndiyo, mpaka nasikia mchwa wanakula mbao zako. Nikiweka sufuria mekoni naweka chakula cha wawili, namalizia kuku. Ukitaka kusikia neno hilo kwa mdomo wangu, haya, umelisikia: nakutamani. Mimi na meno yangu mabovu unaniandikisha mambo ya vijana!

Kilimani sipandi kwa sababu ya jino. Nimeshakuambia, halipendi mlima. Siku hizi halipendi hata mteremko. Jana limenianza nikiwa natandika kitanda.

Lakini nimepata dawa, na utacheka. Kile kichupa chako cha dirishani. Nimejiwazia, kidonge kinawekwa chini ya ulimi, ulimi uko mdomoni, jino liko mdomoni, basi hiyo ni dawa ya mdomo. Nikaweka kimoja. Haki ya nani, kabla sijamaliza kuhema jino lilitulia! Kichwa kiligonga kidogo, lakini jino, tuli! Sasa nikiteremka mtoni natembea nacho kwenye pindo la kanga. Nikifika kwenye mti uliokatika natia kimoja, napanda. Mganga wa meno asingenipotezea jino langu, angeniuliza mimi.

Usininunie kwa kula dawa yako. Nimekuachia vichache.

Mimi sijambo, hofu ni kwako.

Mkeo


Alhamisi, 21 Machi

Mke wangu,

Kaa chini kwanza. Kama uko na ndoo mkononi, itue. Haraka nimemwambia asiondoke hapo mpaka umemaliza kusoma.

Leo nimekwenda kliniki na barua yako mfukoni. Nilikusudia kuwachekesha wenzangu wa benchi kwa ile habari ya jino na kidonge, na nikawasomea, na wakacheka kweli. Mama Sindano alikuwa anapita na faili zake. Akasimama. Akasema, "Baba, rudia hapo." Nikarudia. Hakucheka. Akaichukua barua mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe, akavua miwani, akaniuliza, "Huyu mama yuko wapi sasa hivi?" Nikamwambia yuko nyumbani, anakamua. Akaniambia, "Baba, hili si jino."

Ni moyo, mama watoto. Ni ugonjwa wangu huu huu.

Nilibisha, unanijua. Nikamwambia moyo nimeuona mimi, unakaba kifuani, unakuangusha mbele za watu. Akanionyesha lile benchi. "Hebu tazama. Umewahi kujiuliza kwa nini hapa mmekaa wanaume watupu?" Nikajibu kwa utani, labda wanawake mioyo yao ni ya chuma. Akasema, "Wanawake siwaoni kwenye benchi. Nawaona kwenye machela."

Akatueleza. Sisi wanaume moyo hutushika mapema, na kwa kishindo, kwa hiyo tunakimbizwa hospitali. Wanawake wengi huwajia baadaye, wakishakuwa bibi, na mara nyingi hauji kwa kishindo. Kifua unaweza kukiacha kabisa. Unakuja kwenye taya, unakuja mgongoni katikati ya mabega, unakuja kama tumbo kuchafuka, kama jasho, kama uchovu. Na mwanamke wa shamba ameishi na uchovu tangu usichana, zahanati iko mbali, presha yake haijapimwa tangu azae mtoto wa mwisho. Atajuaje kwamba uchovu huu ni mwingine? Na hicho kidonge hakijui meno kabisa, kazi yake ni kufungua mishipa ya moyo. Kama kimelituliza jino lako, basi jino lako limekaa kifuani.

Njoo na Haraka, kesho. Njoo na nguo za kubadili. Kidonge kiweke karibu, na ukipata maumivu kaa chini kwanza ndipo ukiweke, na usibebe tena ndoo, hata ya nusu. Nakuomba.

Mumeo

Mama, ni mimi. Baba aliporudi na maneno ya Mama Sindano sikuweza tena. Nimemwambia kila kitu, hori, mito, miguu. Hakuanguka. Aliomba maji, kisha akaniomba karatasi. Nisamehe, lakini afadhali unichukie ukiwa hai.
Kitindamimba wako


Jumatatu, 25 Machi

Kwenu nyote wawili,

Nimesoma. Haraka alisimama juu ya kichwa changu kama polisi, nikamwambia aende zake na maziwa yasije yakachacha. Siji.

Binti, wewe tutaongea. Nilikuamini.

Na wewe, mzee. Nani atakamua? Bi Kisirani atazaa wiki yoyote kuanzia sasa, na hakubali mkono wa mtu mwingine, jirani alijaribu akarudi na jeraha. Nani atateka maji? Nikifunga mlango huu leo, nikirudi nitakuta banda tupu.

Halafu kuna jambo jingine, na kwa kuwa mmeniwasha nitalisema. Barua zako zote ninazo. Umeniuliza Bi Kisirani atazaa lini. Umeniuliza mbao, umeniuliza paa, umeniuliza mlango. Jino uliniambia nilikate kama ubao. Nilicheka. Siku ya pili nilipanda na ndoo, likanikamata pale kwenye mti, nikakaa chini, na hapo sikucheka, nililia, na wala si kwa maumivu. Wageni wote waliokanyaga nyumba hii walikuja na swali moja, hali ya mzee. Nawamiminia chai huku nimeshika ukuta. Moyo wako ulitafutiwa gari. Wangu mimi, kumbe mpaka usomwe kwa kuchekesha watu kwenye benchi!

Nimeandika kwa hasira, sitafuti karatasi nyingine.

Ukweli wenyewe ni huu. Naogopa. Nikija huko nikalazwa na mimi, nani atakuwa mzima katika nyumba hii? Lazima mmoja awe mzima. Wewe ulianguka kwanza, kwa hiyo mzima ni mimi. Ndivyo nilivyopanga. Usinivurugie.

Mkeo


Jumatano, 10 Aprili
Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani

Baba watoto,

Wamenikubalia kukaa na kuandika. Binti amekuja na karatasi na kalamu, na uso umemvimba kwa kulia. Mwambie aache. Mimi nimeshindwa kumwambia bila na mimi kulia.

Alhamisi ile uliyokuja kunifuata mtoni siikumbuki vizuri, nimeunganisha vipande vyangu na vya Haraka. Nilijua kwamba umetoroka kliniki niliposikia sauti yako inateremka njia ya mtoni, unaniita kwa jina ulilokuwa unaniita kabla hatujapata watoto. Nikadhani nimeshakufa, na huko nako nimekukuta. Nilikuwa nimekaa pale kwenye mti uliokatika, ndoo moja imepinduka, nguo zimeloa jasho kama nimeanguka mtoni. Uliniwekea kidonge kwa mkono wako. Ulijaribu kunibeba, nikakuambia, "Wewe, utakufa," ukaniambia, "Basi tufe, lakini ndoo hubebi tena." Halafu ukapiga ukelele mpaka walimu wakatoka madarasani.

Haraka amenisimulia alivyoshusha makopo ya maziwa ya watu kando ya barabara ili nipate pa kulala. Nasikia siku ile alistahili jina lake.

Daktari ni binti mdogo, ana mikono baridi. Alinipitisha kwenye kile kipimo cha kuona moyo, akaniuliza, "Mama, umewahi kupata shida ya moyo huko nyuma?" Nikamwambia sijawahi. Akanigeuzia kioo nione. Sikuelewa kitu, ila alisema kuna sehemu haikunji vizuri, ina kovu, imeshakufa tangu wiki kadhaa. Nikakumbuka hori. Moyo wangu uliumia siku ile kwenye majani, na shahidi alikuwa ng'ombe peke yake. Mimi nikajipikia tangawizi.

Ile sehemu hairudi. Nitaishi, amesema, nikinywa dawa na nikiacha mlima. Lakini sitakuwa yule wa zamani. Nimeandika neno hilo hapa ili nilizoee.

Upande wangu huu tuko wanawake watupu, wa rika langu, wengi wa mashambani. Wa pembeni yangu alitibiwa vidonda vya tumbo tangu mavuno yaliyopita. Wa mbele aliambiwa ni mgongo wa kulima. Wa mlangoni mkwe wake alimwambia ni mawazo. Hakuna hata mmoja aliyefika hapa ameshika kifua. Nikawaambia mimi nimeng'olewa jino zima, wakacheka mpaka muuguzi akaja kutukanya.

Binti anasema ulikataa kubaki huku, ulirudi na lori lile lile kwa sababu ya ng'ombe. Sasa nina maswali. Bi Kisirani amezaa? Umekamua? Anakubali mkono wako? Na wewe unakunywa dawa?

Mkeo,
wa Dirishani


Jumatano, 17 Aprili

Mke wangu,

Bi Kisirani amezaa. Ndama jike, mwekundu, ana uso wa mama yake. Nimekamua, ndiyo. Siku ya kwanza alinipiga teke, siku ya pili akanipiga teke, siku ya tatu nikavaa kanga yako, ile ya majani, nikajifunga kiunoni na nyingine kichwani. Akanisogelea akaninusa. Akasimama. Jirani alinichungulia juu ya ua, akanywea, hajanisalimu tangu siku hiyo.

Maji natumia toroli la mjukuu wa jirani, madumu mawili, taratibu. Dawa nakunywa, nimezitundika juu ya mlango nizione. Chumvi nimeshaiambia basi.

Ule mlango wa ghala la shule nimeutoa mezani. Nimemwambia mwalimu mkuu atafute fundi mwingine. Ubao niliobakiwa nao nimeufanya benchi, nimelipeleka pale kwenye mti uliokatika. Lina mahali pa kuegemea na mahali pa kutua ndoo. Jana nimekuta bibi wa kule bondeni amekaa, ameshika bega, anasema ni baridi tu. Nimemuuliza maswali yote ya Mama Sindano, mpaka akaniuliza kama nataka kumwoa. Haraka anamleta huko Ijumaa. Mwangalie.

Wageni bado wanakuja. Wakikaa wanauliza, "Mzee, moyo unasemaje?" Nawaambia wangu haujambo, niulizeni wa mwenyewe wa nyumba. Hapo wanababaika, wanamalizia chai. Wakiondoka naosha vikombe.

Sasa ni zamu yangu kuuliza, na sikuulizi ng'ombe. Umelala vipi, chali au umekaa? Umekula nini, na umekimaliza? Miguu inaingia kwenye viatu? Mgongo? Taya? Usiku ukiamka unawaza nini? Nijibu yote, moja baada ya jingine, hata kama karatasi itaisha. Na usije ukaniandikia kwamba hujambo.

Mimi sijambo. Hofu ni kwako.

Mumeo,
wa Kanga ya Majani


Jumatatu, 22 Aprili

Mume wangu,

Nimelala nimekaa. Nimekula uji, nimeacha nusu. Mguu wa kulia unaingia kwenye kiatu, wa kushoto bado. Mgongo umetulia. Taya lilinivuta kidogo jana, nikiwa natembea kwenda bafuni, nikamwita muuguzi. Sikujikaza, nilimwita.

Bibi wa bondeni amefika. Si baridi. Yuko kitanda cha tatu, anakutukana na kukushukuru.

Usiku nikiamka nawaza utanikuta nimebadilika. Nawaza utachoka kunichotea maji. Nawaza kufa kabla sijamwona huyo ndama. Nililia jana, binti alipoondoka, wa pembeni yangu akanishika mkono mpaka nikanyamaza.

Leo mimi si mzima. Nimekuandikia kama ulivyotaka.

Mkeo